Lao She: Mwandishi Aliyelijua Jiji kwa Chini

Wanajumuiya wenzangu, safari hii nawaletea maisha ya mtu ambaye wengi wetu hatukumsikia darasani, ingawa nchi yake tunaigusa kila siku. Pikipiki nyingi zinazotutoa geto na kutushusha getini pa chuo zimetengenezwa kwao. Mwaka 2011 TBC ilituonesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ile ya Doudou na mama wakwe zake, na watu wakawa wanajadili ugomvi wa familia za Beijing kana kwamba ni wapangaji wa chumba cha pili. Tangu 2013 UDSM na UDOM zina Taasisi za Confucius, na wenzetu kadhaa wameshajifunza kusalimia kwa Kichina. Lakini mwambie mwanafunzi wa kawaida amtaje mwandishi mmoja tu wa Kichina. Atakutajia Bruce Lee.

Mtu wangu anaitwa Lao She. Alizaliwa Beijing mwaka 1899 na akafa hukohuko mwaka 1966. Katikati ya miaka hiyo aliandika riwaya, tamthilia na hadithi fupi kuhusu watu wa chini wa jiji lile, kiasi kwamba huwezi kuzungumzia maisha ya jiji katika fasihi ya kisasa ya China, wala katika filamu zake, ukamruka. Shanghai ilikuwa na waandishi wake na studio zake za filamu, pamoja na taa, dansi na magari. Beijing ilikuwa na Lao She na vichochoro.

Nimemchagua kwa sababu ya kinyumbani kabisa. Mimi ni mtu wa Sapiwi, wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu. Kwetu msimu wa pamba ukiisha kuna vijana wanaoondoka. Wengine wanaishia Bariadi mjini, wengine Mwanza, wenye roho ngumu wanafika Dar. Wengi wao wanaingia kwenye boda. Wachache wanarudi na pikipiki yao wenyewe na hela ya bati. Wengine wanarudi mikono mitupu, na hao hukumu yao inakuwa imeshatoka kabla hawajashuka kwenye basi: alikuwa mvivu, alikunywa pombe, aliendekeza wanawake. Lao She aliandika riwaya nzima kuhusu kijana wa namna hiyo, na aliikataa hukumu hiyo. Ukiyafuatilia maisha yake unaona kwa nini aliikataa, na unaona pia jinsi jiji alilolitetea lilivyokuja kumgeuka.

Jina lake halisi lilikuwa Shu Qingchun. Alizaliwa Februari 3, 1899, katika familia maskini ya Wamanchu, kabila ambalo ndilo lililokuwa na ufalme wa China wakati huo. Usidhani kuwa Mmanchu kulimaanisha utajiri. Baba yake alikuwa askari wa kawaida wa ulinzi wa mji, mwenye mshahara mdogo. Mwaka 1900 majeshi ya mataifa manane, yakiwemo ya Uingereza, Ujerumani, Urusi, Japani na Marekani, yaliingia Beijing kuzima uasi wa Mabondia. Baba akafa katika mapigano hayo. Mwili haukurudi nyumbani. Familia ilizika vitu vyake tu. Askari wa kigeni walipopita nyumba kwa nyumba wakipora, mtoto Qingchun alikuwa amelala, na sanduku lililopinduliwa likamfunika. Wakaondoka bila kumwona.

Mama yake hakujua kusoma. Alifua na kushona nguo za watu kuanzia asubuhi mpaka usiku, na mikono yake ilikuwa mwaka mzima imevimba na kuwa myekundu. Walikaa kwenye kichochoro kimojawapo cha Beijing, vile vinavyoitwa hutong, ambako nyumba zimezunguka ua mmoja, familia kadhaa zinatumia kisima kimoja na kila mtu anajua jirani amekula nini. Sisi tuliokaa nyumba za kupanga tunaujua utaratibu huo. Katika ua ule mtoto alisikia wavuta riksho, mafundi, polisi wa ngazi ya chini, waimbaji na wachuuzi wakizungumza. Lugha hiyo ndiyo aliyokuja kuandikia baadaye, na ndiyo iliyomfanya asomeke na mtu yeyote wa Beijing mwenye kujua herufi.

Shule aliipata kwa msaada. Tajiri mmoja wa ukoo wa Liu, aliyefahamiana na familia yao, alimkuta nyumbani hasomi, akalipa ada na kumpeleka. Tajiri huyo baadaye aligawa mali yake yote kwa maskini akawa mtawa wa Kibudha. Mwaka 1913 kijana alifanya kwa siri mtihani wa kuingia Chuo cha Ualimu cha Beijing, kwa sababu huko chakula, sare na vitabu vilikuwa bure. Alifaulu, lakini ilitakiwa dhamana ya yuan 10. Mama alihangaika nusu mwezi mpaka akaipata. Wenzangu mnaosubiri bumu huku simu inapigwa kutoka nyumbani, hapo sina haja ya kueleza zaidi.

Alihitimu mwaka 1918 na akiwa na miaka 19 tu akapewa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alipanda hadi kuwa mkaguzi wa elimu, cheo kilichokuwa na mshahara mzuri, halafu akakiacha kwa sababu alichoshwa na urasimu na ufisadi wa wakubwa waliomzunguka. Akabatizwa kuwa Mkristo mwaka 1922, akafundisha sekondari, na mwaka 1924 akapata kazi London, kufundisha Kichina katika Chuo cha Masomo ya Mashariki cha Chuo Kikuu cha London, hiki ambacho leo kinaitwa SOAS. Hapa kuna jambo linalotuhusu. Katika miaka hiyohiyo chuo hicho kilikuwa na profesa wa Kiswahili, Alice Werner, aliyeandika mengi juu ya lugha na tenzi zetu. Kwa hiyo Kichina cha Beijing na Kiswahili cha pwani vilifundishwa chini ya taasisi moja, kwa ajili ya Waingereza waliokuwa wanajiandaa kwenda kutawala, kuhubiri au kufanya biashara kwa watu wenye lugha hizo.

London ilimfundisha mambo mawili. La kwanza ni upweke wa mgeni katika jiji kubwa. Alikuwa na mshahara mdogo, na Wachina katika magazeti na maigizo ya Kiingereza walioneshwa kama wahalifu na wavuta kasumba. La pili alilipata vitabuni. Alimsoma Charles Dickens, akaona kwamba jiji lenyewe linaweza kuwa mhusika, na kwamba unaweza kumchekesha msomaji huku unamwonesha njaa. Akaanza kuandika usiku. Riwaya yake ya kwanza ilianza kutoka kwa mfululizo katika jarida la Shanghai mwaka 1926, na ya tatu, Er Ma, inahusu baba na mwanawe wanaoendesha duka la vitu vya kale London wakibaguliwa na wenyeji. Nyumba mojawapo aliyokaa, katika mtaa wa St James's Gardens, leo ina kibao cha kumbukumbu chenye jina lake.

Aliondoka Uingereza mwaka 1929, akafundisha Singapore kwa muda mfupi, akarudi China mwaka 1930. Mwaka uliofuata alimwoa Hu Jieqing, mwalimu na baadaye mchoraji. Alifundisha vyuo vikuu vya Jinan na Qingdao, mkoa wa Shandong. Mwaka 1932 ndege za Japani zilipopiga mabomu Shanghai, mswada wake mmoja mzima uliungua ndani ya kiwanda cha uchapaji. Kutoka kwenye majivu hayo aliokoa kisa kimoja kilichokuwa kinamkaa kichwani, akakiandika upya kama hadithi ya binti maskini wa mjini ambaye mama yake aliingia kwenye kuuza mwili ili wasife njaa, na yeye, baada ya kujaribu kila njia nyingine, akafuata njia hiyohiyo. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1934, sinema ya Shanghai ilitoa filamu bila sauti iitwayo Shennü, ambamo mwigizaji Ruan Lingyu alicheza mama anayejiuza usiku ili mtoto wake asome. Fasihi na filamu ya China zilikuwa zinaliuliza jiji swali moja: kazi gani halali umemwachia mtu huyu?

Mwaka 1936 rafiki mmoja alimsimulia Lao She habari za mvuta riksho aliyewahi kumwajiri, ambaye alinunua riksho yake mara tatu na akaipoteza mara tatu. Akamsimulia pia habari za mwingine aliyekamatwa na wanajeshi akatoroka na ngamia watatu. Lao She akaviunganisha visa hivyo viwili, akaacha ualimu ili aishi kwa kalamu, na akaandika Luotuo Xiangzi, yaani Xiangzi wa Ngamia. Ilitoka kwa mfululizo jaridani mwaka 1936 na 1937.

Riksho, kwa asiyeijua, ni kigari cha magurudumu mawili kinachokokotwa na mtu. Abiria anakaa juu, wewe unakimbia mbele kama punda. Xiangzi ni yatima wa shamba anayeingia mjini akiwa na miaka 18, mwenye mwili wa nguvu na roho safi. Hanywi, havuti, hachezi kamari. Anakodi riksho ya tajiri na kila siku anapeleka hesabu. Anakaza miaka mitatu, anajinyima hata chai, anapata yuan zinazokaribia 100, ananunua riksho mpya. Haipiti muda wanajeshi wa wababe wa vita wanamkamata pamoja na riksho yake. Anatoroka na ngamia watatu, anawauza kwa yuan 35, anaanza upya. Safari hii anaweka hela kwenye kibubu. Askari kanzu anakuja kumtisha na kukichukua kibubu chote. Huniu, binti wa tajiri mwenye yadi ya riksho, anamnasa kwa mimba ya uongo, anamwoa, na hela za mke zinanunua riksho nyingine. Mke anafariki kwa uzazi. Riksho inauzwa ili azikwe. Jirani aliyempenda, msichana aliyeuzwa na baba yake, naye anajitoa uhai. Xiangzi anayebaki mwishoni ni mtu mwingine kabisa: mlevi, mwizi wa vijisenti, anayemsaliti mtu kwa polisi apate malipo, anayebeba bendera kwenye misafara ya mazishi ya watu asiowajua.

Sasa iweke hadithi hiyo kwenye kijiwe cha boda. Kijana wetu anachukua pikipiki kwa mkataba. Kila siku anampelekea bosi hesabu, mvua inyeshe au jua liwake, kwa mwaka mzima na zaidi, ili mwisho kadi ya pikipiki iandikwe jina lake. Akiumwa, hesabu inaendelea. Pikipiki ikikamatwa, hesabu inaendelea. Akipata ajali mwezi wa kumi na moja, mkataba unaweza kuvunjika na miezi yote kumi ikawa kama hakuwahi kuiendesha. Hakuna mahali katika mpango huo ambapo uvivu unahitajika ili mtu aanguke. Inatosha siku moja mbaya. Lao She alilijua hilo mwaka 1936 kuhusu vigari vya Beijing, na alilionesha kwa hesabu, yuan kwa yuan. Ndiyo maana ukimaliza kitabu unashindwa kumlaumu Xiangzi peke yake.

Lakini hakumsafisha pia. Kuna sehemu moja ambayo wengi wanaipita haraka. Mwanamke mmoja mtumishi wa nyumbani, Gao Ma, mwenye akili ya fedha, anamshauri Xiangzi aanzishe upatu: watu kama kumi, kila mmoja yuan 2 kwa mwezi, na yeye achukue wa kwanza. Anakataa. Anamshauri pia aikopeshe hela yake kwa riba au aiweke mahali salama. Anakataa. Xiangzi haamini mtu. Anataka riksho yake, jasho lake, kibubu chake. Na kibubu mtu mmoja akiingia mlangoni anaondoka nacho. Lao She aliona kwamba jiji la namna ile lilikuwa linamfundisha maskini kujiona yuko peke yake, halafu linamkamata kwa upweke huohuo. Sisi Wasukuma tunalima kwa bugobogobo, majembe yanapanda na kushuka kwa pigo moja la ngoma, na hakuna anayeachwa nyuma kwenye tuta. Kijana huyohuyo akifika mjini anaona aibu kusema amekwama. Vijiwe vya boda vyenye mfuko wa kusaidiana ajali na misiba vimeelewa jambo ambalo Xiangzi hakulielewa.

Riwaya hiyo ilikuja kupata misukosuko yake. Mwaka 1945 ilitoka Marekani kwa tafsiri ya mtu aliyetumia jina la Evan King, ikauzwa sana. Ila mtafsiri aliubadilisha mwisho: msichana hafi, Xiangzi anamwokoa, wanaondoka pamoja wakiwa huru. Lao She hakupendezwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1955, kitabu kilichapwa upya Beijing, sasa chini ya serikali ya kikomunisti, na safari hii ni mwandishi mwenyewe aliyekata sura ya mwisho na sehemu ya sura iliyotangulia. Xiangzi mlevi na msaliti hakufaa tena kuonekana katika nchi iliyosema wafanyakazi ndio wenye nchi. Ona ajabu hiyo: mabepari na wakomunisti, ambao hawakukubaliana kwa lolote, wote walishindwa kuuvumilia mwisho uleule. Wa kwanza walitaka juhudi ilipe, wa pili walitaka maskini abaki msafi. Lao She wa mwaka 1936 alikuwa amesema kwamba umaskini unaweza kumharibu mtu mwema kweli, na kwamba hilo ndilo kosa lake kubwa.

Turudi nyuma kidogo, kwenye vita. Japani ilipovamia mwaka 1937, Lao She alimwacha mke na watoto watatu wadogo Jinan, akaondoka na begi moja kwenda Wuhan na baadaye Chongqing, kuongoza chama cha waandishi wa upinzani dhidi ya Japani. Mama yake alifariki Beijing akiwa mbali naye. Mke alimfuata na watoto mwaka 1943, na kutokana na aliyosimulia kuhusu Beijing iliyokaliwa na Wajapani, Lao She alianza riwaya yake ndefu kuliko zote, kuhusu vizazi vinne vya familia moja kwenye kichochoro kimoja chini ya utawala wa adui. Mwaka 1946 alialikwa Marekani, akakaa huko zaidi ya miaka mitatu akiimalizia.

Angeweza kubaki. Alikuwa na jina na vitabu vilivyouzika. Lakini serikali mpya ilipotangazwa mwaka 1949 na marafiki kumwita, alirudi, akafika Beijing Desemba. Alinunua nyumba ndogo yenye ua katika kichochoro cha Fengfu, akapanda miti miwili ya msamli wa Kichina, tunda la rangi ya chungwa, na akaanza kuandika kwa furaha ambayo sidhani ilikuwa ya kujifanya. Serikali ilikuwa imesafisha mtaro mmoja wa kusini mwa jiji, Longxugou, uliokuwa umejaa maji machafu na kuua watoto wa maskini. Kwa mtoto wa mfua nguo, serikali inayoanza kujenga jiji kwa kuzibua mtaro wa maskini ilikuwa serikali ya kuungwa mkono. Akaandika tamthilia kuhusu mtaro huo, ikachezwa mwaka 1951, na mwaka huohuo manispaa ya Beijing ikampa heshima ya Msanii wa Umma.

Kazi yake kubwa ya kipindi hicho ni Chaguan, yaani Mkahawa wa Chai, aliyoiandika mwaka 1957 na kuchezwa mara ya kwanza mwaka 1958. Mahali ni pamoja tu, mkahawa wa mzee Wang Lifa, lakini nyakati ni tatu: mwaka 1898 chini ya mfalme, kisha wakati wa wababe wa vita, kisha baada ya vita na Japani. Zaidi ya wahusika 60 wanaingia na kutoka: askari kanzu, mkulima anayemuuza bintiye, mfanyabiashara mwenye ndoto za viwanda, matapeli. Kila serikali inabadilika, na ukutani kunabaki tangazo la kuwakataza wateja wasizungumzie siasa, herufi zake zikizidi kuwa kubwa. Mwisho wazee watatu wanajirushia wenyewe pesa za karatasi za mazishi, kwa kuwa hawana uhakika kama yupo atakayewafanyia hivyo.

Filamu zilimpenda mapema. Mwaka 1950 mwigizaji Shi Hui aliongoza na kuigiza filamu iliyotokana na hadithi yake kuhusu polisi wa kawaida wa Beijing, anayevaa sare ya kila utawala na kubaki maskini chini ya kila mmoja. Mwaka 1982 mwongozaji Ling Zifeng alimleta Xiangzi kwenye skrini, na Siqin Gaowa akamcheza Huniu kwa namna ambayo watazamaji walimhurumia mwanamke ambaye kitabuni ni rahisi kumchukia. Mwaka huohuo Mkahawa wa Chai nayo ikawa filamu. Lakini mwandishi hakuziona hizo za 1982.

Agosti 1966 Mapinduzi ya Utamaduni yalikuwa yamewasha moto. Walinzi Wekundu walikuwa wanasaka kila kilichoitwa cha zamani. Agosti 23 waliwachukua waandishi na wasanii zaidi ya 20, Lao She mmoja wao, wakawapeleka kwenye Hekalu la Confucius mjini Beijing. Mavazi na vifaa vya maigizo ya jadi vilirundikwa na kuchomwa. Wazee wakapigishwa magoti kuuzunguka moto na kupigwa. Lao She alikuwa na miaka 67 na alikuwa ametoka tu hospitali. Alirudishwa ofisini akiwa amepasuka kichwa, akapigwa tena, akaambiwa arudi kesho yake. Asubuhi ya Agosti 24 aliagana na mjukuu wake mdogo, akaenda ziwa Taiping, akakaa hapo mchana kutwa. Mwili wake ulikutwa majini siku iliyofuata. Majivu hayakuhifadhiwa. Alipokuja kusafishwa jina na kufanyiwa ibada rasmi mwaka 1978, sanduku lake halikuwa na majivu ndani, kama vile kaburi la baba yake lilivyokuwa halina mwili. Ziwa lenyewe lilifukiwa, na mahali pake ikajengwa karakana ya treni za chini ya ardhi.

Naomba tusikimbie sehemu hii, kwa sababu inatuhusu sisi kuliko wasomaji wengine. Waliompiga walikuwa wanafunzi. Wengi wao walikuwa wa sekondari, wasichana na wavulana, umri wetu na chini yake. Walikuwa na uhakika na hukumu yao, walikuwa wengi, na kila mmoja alibebwa na kelele za mwenzake. Niliposifu bugobogobo hapo juu nilikuwa nasifu watu kufanya kazi pamoja. Hapa tunaona watu kuonea pamoja. Tofauti yake ni kama kuna anayeruhusiwa kuuliza maswali kabla jembe halijashuka. Kundi la WhatsApp la darasa linaloweza kumchangia mwenzetu aliyefiwa ndani ya saa moja, linaweza pia kummaliza mwenzetu mwingine kwa picha moja na tuhuma moja, ndani ya saa hiyohiyo.

Leo nyumba yake ya Fengfu ni makumbusho, iliyofunguliwa mwaka 1999, miaka mia moja tangu azaliwe. Luotuo Xiangzi inasomwa mashuleni China, na imekuwa ikichapwa tena na mwisho wake wote, hata kwa Kiingereza katika tafsiri ya Howard Goldblatt ya mwaka 2010. Kwa Kiswahili tunaye ndugu yake wa karibu, Rashidi wa riwaya ya Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka 1979, mpakuzi wa bandarini Unguja ambaye anagundua mapema kuliko Xiangzi kwamba mgongo mmoja haumshindi bosi. Ukizisoma zote mbili kwa kufuatana utaona watu wawili wenye jasho lilelile na njia mbili tofauti.

Mwezi wa sita tukifunga chuo, wengi wetu tutarudi nyumbani. Tutakuta vijana tuliosoma nao darasa la saba, waliokwenda mjini wakarudi bila kitu, wamekaa chini ya mti na hakuna anayewauliza lolote zaidi ya kuwacheka. Na sisi tutakaa upande wa wenye akili, wenye kadi za chuo mfukoni, huku hatujui tutakachokuta tukihitimu. Kabla ya kutoa hukumu tuwaulize kama Lao She alivyouliza: hesabu ilikuwa kiasi gani kwa siku, kadi ilikuwa kwa jina la nani, na siku mlipoumwa nani aliwalipia? Majibu hayo yakiandikwa vizuri, shilingi kwa shilingi, yatakuwa riwaya ya jiji ambayo Simiyu bado haijaiandika.